Nani Alilitaja Jina: Mbegu, Miche na Sifa ya Mwanzilishi Meru na Embu

Mazao mengi yanayolimwa Meru na Embu yana majina mawili au zaidi, na kila jina lina mwenyewe. Mahindi ya H511 yana namba yaliyopewa na watafiti. Makadamia ya EMB-1 yamebeba herufi za wilaya. Ndengu ambazo vitabuni ni N26, sokoni ni Nylon. Miraa ya Igembe imejulikana hadi ng'ambo kwa jina la kituo kidogo cha biashara, Kangeta. Historia ya majina haya ni historia ya sifa: nani alihesabiwa kuwa mwanzilishi, nani aliachwa nje, na ilikuwaje pale zao moja lilipogawanyika mara mbili na kila upande ukataka kujulikana kwa jina lake. Katika miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya, mche na mbegu vimepita mkono kwa mkono kwa vizazi bila hati na mara nyingi bila malipo. Kilichogombewa ni jina.

Mfano wa kale ni miraa ya milima ya Nyambene, kwa Waigembe na Watigania, matawi ya Wameru. Mti huu, ambao vijiti vyake hutafunwa kwa kuchangamsha, haupandwi kwa mbegu. Mkulima huchukua chipukizi la mti uliokomaa, akalipanda kwake, na mti utakaokua hufuata tabia za mti mama. Kila shamba la miraa basi ni nakala ya shamba lililotangulia, na aliyetoa chipukizi hakupungukiwa na chochote. Miti mikongwe kabisa, iliyopita miaka mia, huitwa mbaine, na miraa yake huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya miti michanga. Mti wa namna hiyo hurithiwa, na sifa ya aliyeupanda hurithiwa pamoja nao. Kumbukumbu ya ukoo ndiyo hati pekee aliyowahi kupata mpandaji wa kwanza, na ni hati ya kuheshimiwa, maana imevuka ukoloni, upimaji wa ardhi na mabadiliko ya mipaka ya wilaya bila kuandikwa popote.

Hapo awali miraa ilikuwa ya wazee na ya shughuli zao. Fungu maalumu liitwalo ncoolo lilipelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa, na desturi hiyo haijafa. Katika mazingira hayo hakukuwa na haja ya jina la biashara, kwa kuwa mpokeaji alimjua mletaji, ukoo wake na hata shamba lake. Mambo yalibadilika miraa ilipoanza kusafiri. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu kwa sheria na vibali kuizuia isifike wilaya za kaskazini, lakini haikufanikiwa kuua biashara hiyo. Baadaye miraa ilifika Nairobi, Mombasa, Mogadishu, na kwa ndege hadi London na Amsterdam. Mnunuzi wa Eastleigh, Nairobi, sembuse wa London, hakuweza tena kumjua mkulima. Alichoweza kukijua ni jina.

Majina ya aina za miraa yalipata kazi yake hapo. Giza, alele, asili, kangeta: kila moja liliahidi kitu kwa mnunuzi. Alele ni ya daraja la chini na bei nafuu. Giza hutambulika kwa weusi wa vijiti vyake. Kangeta ni jina la mahali, kituo kilicho kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, na kwa jina hilo Igembe ilipata sifa katika miji ambayo wakulima wake wengi hawakuwahi kuiona. Hii ni sifa ya kweli, tena si ndogo. Hata hivyo ni sifa ya mahali. Mtu aliyegundua kwamba mti fulani una vijiti laini kuliko mingine, akautoa machipukizi hadi ukaenea kijijini, jina lake halimo katika kangeta wala katika giza.

Wataalamu wa mimea nao walikuwa na utaratibu wao wa kutaja waanzilishi, na miraa imo humo kwa namna inayofaa kuelezwa kwa kirefu. Jina la kisayansi la mti huu huandikwa kikamilifu hivi: Catha edulis (Vahl) Forssk. ex Endl. Maneno mawili ya kwanza ni jina la mti. Yanayofuata ni orodha ya watu. Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki na mwanafunzi wa Linnaeus, aliukuta mti huu Yemen akiwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alifia huko Yemen Julai 1763. Mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye peke yake katika msafara ule alirudi nyumbani, alichapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Mwaka 1790 Martin Vahl aliuweka mti huo katika jenasi nyingine, Celastrus. Mwaka 1841 Stephan Endlicher akaurudisha chini ya Catha. Kwa kanuni za wanabotania, mmea unapohamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine, jina la aliyeupa jina la spishi haliondolewi. Huwekwa kwenye mabano, na la mhamishaji hufuata nje ya mabano. Anayesoma jina hilo anaweza kuona nani alitangulia, nani alibadilisha na nani alitegemea kazi ya nani.

Utaratibu huo ni wa haki kwa wale walio ndani yake. Forsskål alikufa kabla ya kuona kitabu chake, na bado jina lake limehifadhiwa zaidi ya miaka 250. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa maandishi yaliyochapwa. Mkulima wa Yemen aliyemwonyesha Forsskål mti ule hakuchapisha kitu, wala Mwigembe aliyekuwa akiutunza wakati huohuo huku Nyambene. Karibu kila utaratibu wa majina uliokuja baadaye Meru na Embu ulikuwa na mlango wa aina hiyo, na hapo ndipo wengi walipoachwa nje.

Kahawa iliingia katika mashamba ya Waafrika wa sehemu hizi katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeiacha kahawa ya arabika mikononi mwa walowezi. Kisii, Embu na Meru ndizo wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kuilima kwa majaribio. Wakati huohuo Maabara ya Kilimo ya Scott, karibu na Nairobi, ilikuwa ikichagua miti mmojammoja yenye sifa njema na kuipa namba. Ile iliyovuma zaidi ni SL28. Herufi mbili za mwanzo ni za maabara. Lakini mti huo haukuzaliwa maabarani: ulitokana na mbegu zilizochukuliwa Tanganyika mwaka 1931 na ofisa wa kahawa A. D. Trench, alipoona katika eneo la Monduli kahawa iliyoonekana kustahimili ukame. Mwanzoni kahawa ile iliitwa kwa sifa hiyo pamoja na jina la Tanganyika. Baada ya kuchaguliwa na kupewa namba, Tanganyika ilitoweka kwenye jina na maabara ikabaki. Mkulima wa Embu aliyepanda SL28 hakuwa na njia ya kujua, kwa kusoma jina peke yake, kwamba mti wake una asili ng'ambo ya Kilimanjaro.

Majina ya kahawa yaliyofuata yaliendelea na mtindo wa kutaja taasisi. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 baada ya ugonjwa wa chulebuni kuharibu mashamba mengi, ilichukua jina la kituo cha utafiti cha Ruiru. Mwaka 2010 ilitolewa aina nyingine na kuitwa Batian. Batian ni kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, mlima unaotazamwa kutoka karibu kila shamba la kahawa la Meru na Embu. Kilele kilipewa jina hilo na Halford Mackinder, Mwingereza aliyekipanda mwaka 1899, kwa heshima ya Mbatian, laiboni wa Wamaasai. Kwa hiyo kahawa inayolimwa chini ya mlima huu ina jina la kiongozi wa Kimaasai, lililochaguliwa na mpanda milima wa Kiingereza, kisha likachukuliwa na watafiti wa Kenya. Wameru na Waembu walikuwa na majina yao wenyewe ya mlima huo tangu zamani.

Baada ya uhuru, kituo cha utafiti cha Embu kilipata nafasi ya kuandika jina la mahali pake katika kilimo cha nchi nzima. Mahindi chotara ya kwanza ya Kenya yalitoka Kitale, mwaka 1964, kwa kuchanganya mahindi yaliyokuwa yakilimwa nchini na mahindi ya Ecuador. Hayo yalifaa nyanda za juu na yalichelewa kukomaa. Embu ilipewa kazi ya kutafuta mahindi ya maeneo ya mwinuko wa kati, na humo ndimo zilimotoka H511 na H512. Tarakimu ya kwanza ya namba huonyesha kundi: sita ni za nyanda za juu, tano ni za mwinuko wa kati. Ni jina linalomsaidia mwenye duka la pembejeo na mkulima anayetaka kujua kama mahindi yatafaa kwake, na kwa hilo limefanya kazi njema. Kuhusu asili, halisemi lolote. Ecuador haimo, wala mikono ya wakulima waliochambua na kuhifadhi mahindi ya kienyeji ambayo chotara zilianzia.

Makadamia ilifuata njia tofauti kidogo. Mti huu asili yake ni Australia, na uliingizwa Kenya mwaka 1946 na Bob Harries, mlowezi wa Thika. Miti iliyosambazwa ilikuwa imeota kwa mbegu, kwa hiyo kila mmoja ulikuwa na tabia zake: mmoja ulizaa sana, mwingine kidogo, mmoja ulikuwa na ganda jembamba, mwingine ganda nene. Watafiti wa Thika walipochagua miti bora ili iunganishwe kwa vikonyo na kuenezwa, waliipa majina kwa herufi za wilaya ulikopatikana mti mama: EMB kwa Embu, MRU kwa Meru, KRG kwa Kirinyaga, MRG kwa Murang'a, KMB kwa Kiambu. EMB-1 na MRG-20 ni miongoni mwa zilizoenea zaidi. Kati ya taratibu zote za majina zilizowahi kutumika katika eneo hili, huu ndio uliokaribia zaidi kutaja asili kwa uaminifu. Mwenye kununua mche wa EMB-1 popote nchini anasoma kwamba mti mama ulikuwa Embu. Tatizo ni kwamba wilaya yenyewe haikutulia. Mbeere ilikatwa kutoka Embu mwaka 1996, kisha Katiba ya 2010 ikairudisha ndani ya Kaunti ya Embu. Meru nayo iligawanywa mara kadhaa kuanzia 1992. Herufi za mche zilibaki zilivyokuwa.

Wakulima hawakukubali kila jina waliloletewa. Katika nyanda kame za Mbeere na Tharaka, ambako ndengu ni zao la fedha, aina mbili zilizotolewa na watafiti kwa majina ya N26 na KS20 zilibatizwa upya sokoni zikawa Nylon na Uncle. Maharagwe yaliyotolewa Thika kwa namba za GLP yanajulikana kwa wauzaji kama Mwezi Moja na Mwitemania, na mfanyabiashara atakayeuliza GLP 92 katika soko la Siakago atatazamwa tu. Kubatiza upya kwa namna hii si uharibifu. Mtafiti huhitaji namba ili asichanganye mbegu zake, na mkulima huhitaji jina linaloshika kinywani. Hata vitabu vya watafiti wenyewe siku hizi huandika namba na kuweka jina la sokoni pembeni yake, jambo linaloonyesha kwamba mkulima alishinda.

Mtama wa Gadam ulipunguziwa jina badala ya kubadilishiwa. Ulitoka Sudan, ambako uliitwa Gadam el Hamam, ukapokewa na watafiti wa Kenya na kufanyiwa majaribio katika kituo cha Katumani. Kampuni ya bia ya East African Breweries ilipoanza kutafuta mtama wa kutengenezea bia ya Senator, Gadam ulihimizwa kwa wakulima wa Mbeere na Tharaka. Nusu ya jina ilipotea njiani. Iliyobaki inatosha kwa mwenye kufuatilia kurudi hadi Sudan, na hiyo ni heri kuliko iliyoipata Tanganyika katika SL28.

Sheria iliyohusu majina haya ilikuja polepole. Kenya ilipata Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea mwaka 1972. Mwaka 1999 ikajiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na mwaka 2016 ikakubali mkataba wake wa 1991 ulio mkali zaidi. Mkataba huo una vifungu viwili vinavyogusa moja kwa moja suala la majina na sifa. Cha kwanza kinasema kwamba anayeuza mbegu za aina iliyosajiliwa sharti atumie jina lake lililosajiliwa, hata baada ya haki ya mwenyewe kumalizika. Umiliki una mwisho, miaka 20 au 25, jina halina. Cha pili kinahusu aina iliyotokana na nyingine. Mtu akichukua aina iliyolindwa, akaibadilisha kidogo tu huku ikibaki na tabia zake kuu, hawezi kuiuza bila idhini ya mwenye ile ya kwanza. Ni jaribio la kujibu kwa sheria swali gumu la wakati gani mabadiliko yanatosha kufanya kitu kipya.

Mkataba humhesabu kuwa mwenye haki hata yule aliyegundua aina na kuiendeleza. Kwa maandishi, mkulima aliyeuona mti bora shambani mwake na kuuzalisha angeweza kuingia. Kwa vitendo, maombi yanadai majaribio, ada na uthibitisho kwamba aina ni mpya, ni tofauti, inafanana shamba zima na haibadiliki. Miche ambayo imeshirikiwa na jirani kwa vizazi haiwezi kuitwa mpya. Ukarimu wenyewe ndio unaomwondolea mkulima haki. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kuna namna nyingine. Katika Embu Historical Texts, kitabu cha mwaka 1974, masimulizi ya Waembu na Wambeere yamewekwa chini ya wazee walioyatoa, na si chini ya mkusanyaji peke yake. Hakuna sababu ya kimsingi iliyozuia vituo vya mbegu kufanya vivyo hivyo.

Waandishi wa programu za kompyuta walikutana na swali lilelile, na majibu yao yanasaidia kuona lililokosekana katika mbegu. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuanzisha programu nyingine. Leseni nyingi za namna hiyo hutenganisha vitu vitatu. Ruhusa ya kunakili hutolewa kwa wote. Sifa hudaiwa: majina na matangazo ya haki ya waandishi wa kwanza yasifutwe. Jina la biashara halitolewi: mwenye kuanzisha tawi lake atafute jina lake. Mwaka 2006 watu wa Debian, wanaokusanya na kusambaza programu huria, walilazimika kuacha kuita kivinjari chao Firefox, kwa kuwa walikuwa wamekifanyia mabadiliko ambayo Mozilla, wenye jina hilo, haikuyapitisha. Wakakiita Iceweasel. Msimbo ulikuwa wao kuutumia. Jina halikuwa lao.

Kenya ina mfano wake. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Juu ya msingi huo Wizara ya Afya na washirika wake walijenga KenyaEMR, iliyoanza kusambazwa katika vituo vya afya mwaka 2012. Jina ni jipya na linataja nchi, na katika msimbo waanzilishi wametajwa. Tawi halikulificha shina. Wakulima wa makadamia na miraa hawakuwahi kupewa leseni ya kutenganisha mambo hayo matatu. Kwao yote yalikwenda pamoja: atoaye chipukizi alitoa pia sifa na jina.

Mgogoro mkubwa wa jina katika eneo hili ulihusu muguka. Muguka ni spishi ileile ya Catha edulis. Hulimwa hasa Mbeere, kuzunguka Kiritiri, Siakago na Ishiara, kwenye ardhi kavu iliyo chini kuliko Nyambene, ambako mahindi hukosa mvua mara kwa mara. Miraa ya Nyambene ni mti, na anayeila hubambua na kutafuna gome la vijiti. Muguka ni kichaka kifupi, na kinacholiwa ni majani. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke. Muguka huuzwa majani yaliyochumwa tayari, kwa bei ambayo kijana wa kibarua anaimudu. Kwa sababu hiyo muguka ilipata wateja wake wenyewe, wengi wao Mombasa na miji mingine ya Pwani. Kilichoonekana kuwa miraa ya maskini kikawa biashara inayojitegemea, yenye wakulima, madalali, magari na wateja ambao hawakupitia Maua wala Kangeta.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelazimika kuamua kama muguka ni aina ya miraa au ni zao jingine. Uamuzi ulilazimishwa na sheria na fedha. Uholanzi ilipiga marufuku mti huu mwaka 2013, na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Sheria za nchi hizo zilitaja mmea wenyewe, kwa hiyo giza, kangeta na alele zilianguka pamoja. Pigo liliwaangukia Wameru, ambao ndio waliokuwa na soko la London. Serikali ya Kenya ilijibu kwa kuitambua miraa: mwaka 2016 Sheria ya Mazao ya 2013 ilirekebishwa ili miraa iwe miongoni mwa mazao rasmi, na fedha za kuwasaidia wakulima zikaahidiwa. Lililoandikwa ni neno miraa. Chama cha wafanyabiashara kilichokuwa kikisikika zaidi, NYAMITA, kilibeba Nyambene katika jina lake. Mkulima wa Kiritiri alikuwa na haki ya kuuliza kama yeye yumo.

Jibu lilikuja katika kanuni za miraa za mwaka 2023, zilizotolewa Mithika Linturi, mwana wa Meru, akiwa Waziri wa Kilimo. Kanuni hizo ziliitambua muguka pamoja na miraa. Kwa Mbeere huo ulikuwa ulinzi, ingawa ulinzi huo ulipatikana kwa kuingia chini ya jina la jirani. Muguka ilipata sheria kama tawi la miraa, wakati sokoni ilikuwa imeshasimama peke yake.

Mwaka mmoja baadaye jina lilileta tofauti ya moja kwa moja. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku kuingiza, kusafirisha, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake, akieleza madhara kwa vijana. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Amri haikugusa miraa. Kemikali zinazochangamsha ni zilezile, cathinone na cathine, na spishi ni ileile. Kilichotenganisha halali na haramu Mombasa kwa siku zile ni jina, pamoja na bei na wateja waliofungamana nalo. Viongozi wa Embu, akiwemo Gavana Cecily Mbarire, walikwenda kwa Rais William Ruto, ambaye alisema amri za kaunti hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa inayoitambua muguka. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hiyo kwa muda. Hoja ya Embu ilisimama juu ya kanuni za 2023: muguka imo ndani ya miraa, na miraa ni zao rasmi. Jina la jirani, ambalo awali lilifunika Mbeere, siku hiyo liliikinga.

Wasiwasi wa wazazi wa Pwani kuhusu watoto wao ni wa kweli na unastahili kujibiwa kwa ushahidi wa afya. Lakini ushahidi huo unahusu mmea, na ndiyo maana kuuhukumu kwa jina la tawi moja kulikuwa njia dhaifu. Palikuwa pia na dhuluma ndogo ya majina ambayo haikuzungumzwa sana. Pwani husemwa muguka ya Embu, na magazeti yaliandika wakulima wa Embu, kwa kuwa kaunti ndiyo inayotajwa. Walioikuza biashara hii katika ardhi kame ni Wambeere kwa sehemu kubwa, watu waliowahi kuwa na wilaya yenye jina lao kwa muda mfupi tu.

Njia ya kisheria ya kulinda jina la mahali kwa sasa ni Sheria ya Alama za Biashara, inayoruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja au ya uthibitisho. Kahawa ya Kenya imetumia njia hiyo kwa alama ya Coffee Kenya, inayotaja nchi nzima, si Meru wala Embu. Mswada wa viashiria vya kijiografia, ambao ungeyapa majina ya mahali ulinzi wa peke yake kama ule wa vyakula na vinywaji vya Ulaya, uliandaliwa mwaka 2007 na haukuwa sheria. Chini ya mswada wa aina hiyo, wakulima wa Igembe wangeweza kudai kwamba kangeta itoke Igembe, na wa Mbeere wangeweza kuandika muguka ya Mbeere. Kwa alama ya biashara wanaweza kufanya hivyo pia, mradi wawe na chama kimoja cha kuiomba, masharti ya ubora yaliyoandikwa, na fedha za kuisimamia alama baada ya kuipata. Kwa jina kama kangeta, lililozagaa sokoni kwa miongo kadhaa likitumiwa na kila dalali, kazi hiyo ni ngumu zaidi kuliko kwa jina jipya.

Kuhusu sifa ya mtu mmojammoja, sheria haihitaji kubadilishwa. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, linapotoa aina mpya huandika asili yake katika kumbukumbu, na orodha ya taifa ya aina za mimea huwa na nafasi ya kumtaja mwenye aina hiyo. Mti mama ukichukuliwa shambani kwa mtu, jina la shamba na la mwenyewe, kwa ridhaa yake, linaweza kuwekwa katika safu hiyohiyo.